Ufunguo Aliozikwa Nao Tudorel

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Zamfira Dogaru ameinama chini ya usukani wa gari la buluu, katika ua wa mjane Voica mjini Corabia. Injini inawaka, inanguruma sekunde mbili, inazima. Kwenye dashibodi, taa nyekundu yenye alama ya ufunguo inamweka.

"Betri hiyo mpya, fundi," anasema Nelu, mwana wa Voica. "Na stata mpya."

"Basi umenunua kila kitu isipokuwa kilichoharibika," Zamfira anamjibu.

Kesho ni arobaini ya Tudorel, mume wa Voica. Mikate, masufuria ya sarmale, yaani nyama na mchele vilivyofungwa kwa majani ya kabichi, na ngano tamu ya kumwombea marehemu lazima vifike kijijini alikozikwa, kilomita kumi na nane. Walioalikwa ni watu sitini, na padri hangoji mtu.

Zamfira, mwenye miaka hamsini na moja, alishona mashati kiwandani kwa miaka ishirini. Kiwanda kilipofungwa akajiandikisha masomo ya jioni ya umeme wa magari, akakaa dawati moja na vijana wa umri wa wanawe.

"Waliniita bibi," anasema. "Nikamwomba Mungu anipe akili tu, maana hasira ninazo za kutosha."

Siku hizi hupata kama lei elfu tatu na mia tano, fedha ya huko, kwa mwezi. Magari mengi anayoitiwa yameshabadilishwa vipuri bila sababu.

Anauchukua ufunguo na kuupasua ganda kwa ukucha. Ndani ni patupu. Ufunguo halisi huwa na chipu ndogo kama punje ya mchele. Gari lisipoitambua, hudhani limeingiliwa na mwizi, likazima injini.

"Hii ni kopi ya kufungulia mlango tu. Ufunguo wenyewe uko wapi?"

Nelu anatazama viatu vyake. "Nilimtilia baba mfukoni. Ndani ya jeneza. Si kila mtu huku huondoka na kitu alichokipenda?"

"Yaani baba yako umempa gari, sisi umetuachia bati!" Voica anafoka.

"Basi mama, nitakwenda kuufukua."

"Thubutu! Mguse baba yako uone!"

Zamfira anawatuliza. Anao ufunguo mpya wenye chipu, na kompyuta ya kupimia inaweza kulifundisha gari liutambue. Lakini kompyuta inauliza: funguo ambazo hazipo hapa zifutwe kwenye kumbukumbu ya gari? Kwa kawaida yeye hukubali, kwa sababu ufunguo uliopotea huweza kuokotwa na mwizi.

"Nikifuta, mama, ule wa marehemu hautaliwasha gari hili tena."

Voica anajifuta mikono kwenye aproni, taratibu.

"Ule haujapotea, mwanangu. Najua ulipo."

Zamfira anafanya ishara ya msalaba, kisha anabonyeza hapana. Baada ya dakika ishirini taa nyekundu inatoweka. Injini inawaka, na safari hii haizimi. Voica anamsukumia Nelu sufuria la kwanza.

Kompyuta ile ni ya kuazima. Mwakani, Mungu akijalia, Zamfira anataka kununua yake na kuwafundisha wanawake jioni, katika shule ileile aliyosomea.

"Na wanangu nimeshawaambia," anasema akifunga sanduku la vifaa. "Mimi wanizike na kitabu cha sala, basi. Ufunguo wamwachie mwenye safari."