Viganja vya Kondabai Vilivyonyamazishwa kwa Mikono Kumi

Unamjua. Usiseme humjui. Mkate wake umeula, tena ukalamba na vidole, na siku ile ilipopigwa kura ya kumnyamazisha ulikuwa nyumbani unatazama kriketi. Kota, pamoja na maghorofa ya jirani, ina nyumba mia tatu, ukumbini walifika watu kumi na saba. Kumi wakanyanyua mikono, saba wakakataa, na mkutano ukafungwa kabla chai haijapoa. Wewe ulikuwa wapi?

Basi soma. Safari hii huna pa kujificha.

Saa kumi na nusu alfajiri. Katika chumba cha mwisho cha safu ya tatu, kota za zamani za kiwanda cha nguo hapa Solapur, Kondabai Waghmode ameketi sakafuni, mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha kando ya meko. Ana miaka hamsini na minane. Mbele yake kuna sinia pana la mbao. Anamimina maji yanayotokota katikati ya unga wa mtama, anakoroga kwa mwiko, kisha anauingiza mkono unga ungali unatoa mvuke.

"Kiganja hiki kiliacha kusikia moto siku nyingi," anasema, na kucheka. "Kinasikia baridi tu."

Anakata donge, analilaza juu ya unga mkavu, anaanza kulipiga kwa kiganja kilichofunguka. Pa, pa, pa. Kila pigo linalizungusha donge kidogo na kulitanua kidogo, mpaka linakuwa duara pana kuliko sahani. Hakuna kijiti cha kusukumia hapa. Mtama haushikani kama ngano, ukiusukuma, unapasuka. Analihamishia kwenye chuma cha moto, analipaka maji upande wa juu, analigeuza kabla maji hayajakauka, kisha analiegemeza kwenye makaa. Linafura lote, kama shavu la mtoto anayepuliza puto. Hiyo ndiyo bhakri.

Iliyofura Kondabai huiita "iliyocheka". Isiyofura "imenuna".

"Mama, hiyo imenuna," anasema Sushama, mke wa mwanawe, anayepiga donge lake upande wa pili wa moto.

"Imenuna kwa sababu umeitazama wewe. Geuza uso, utaona."

Sushama anageuza uso. Bhakri inafura. Wote wawili wanacheka mpaka unga unapeperuka.

Hadi saa kumi na mbili na nusu, bhakri mia moja na arobaini zinakuwa zimefungwa kwenye vitambaa pamoja na karanga zilizotwangwa na pilipili nyekundu. Kila moja ni rupia kumi na tano. Ukitoa mtama, kusaga na kuni, hubaki kama rupia elfu moja na mia moja kwa siku, kwa watu wazima watatu wanaofanya kazi hii. Wa tatu ni mumewe, Dhondiba, anayezipeleka kwa baiskeli kituo cha mabasi na kwenye maeneo ya ujenzi.

"Nilifuma nguo miaka kumi na tisa, hakuna aliyenisalimia," anasema Dhondiba akikaza kamba nyuma ya baiskeli. "Sasa nabeba mikate ya mke wangu, hata askari wa barabarani ananiita mkubwa."

Alifuma wapi? Pale pale, ng'ambo ya ukuta, ambapo sasa wamejenga maghorofa ya rangi ya maziwa. Miaka ishirini na tatu iliyopita kiwanda kilifungwa, na king'ora chake kikazimwa. Kile king'ora ndicho kilichokuwa kikiuamsha mji huu mzima. Watu waliozaliwa kota hawakuwahi kununua saa. Wapo waliopanda jukwaani siku ile, mashada ya maua shingoni, wakaapa kwamba king'ora kitalia tena kabla ya Diwali. Diwali ishirini na tatu zimepita. Wao wamesahau. Kota haikusahau hata moja.

Wiki ile ile ya kufungwa, Kondabai alikopa debe la mtama kwa kaka yake wa Mangalvedha, akaketi mbele ya meko. Alikuwa hajawahi kumuuzia mtu chochote. Asubuhi ya kwanza alipiga kumi na mbili, akauza nne, nane wakala wenyewe.

"Zile nane zilikuwa tamu zaidi," anasema Dhondiba.

"Zilikuwa tamu kwa sababu hukuwa na kazi ya kwenda," anajibu mkewe.

Kisha, baada ya miaka yote hiyo, ikaja barua ya kamati. Wakazi wapya wa maghorofani walikuwa wamelalamika kwamba wanasikia kugongwagongwa kabla hakujapambazuka. Kamati ya wakazi, inayosimamia kota pamoja na maghorofa, ikaitisha ule mkutano ulioukwepa. Likapita azimio: kusiwe na kupiga unga kabla ya saa moja asubuhi. Saa moja! Mtu wa zege anakuwa ameshapanda kiunzi saa moja. Nani atanunua?

Ili waonekane wana huruma, kamati wakamletea mashine ya kubana chapati. Walikuwa wameijaribu dukani kwa ngano, ikatoa duara safi, wakapigiana makofi. Mtu aliyelelewa kwa mtama angeijaribu kwa mtama. Sushama aliweka donge, akabana, akafungua. Nusu ilibaki juu, nusu chini, katikati pamechanika.

"Hii haikununa," akasema Kondabai. "Hii imelia."

Mashine ile sasa inaegemeza mlango usifungwe na upepo.

Asubuhi ya Jumatatu iliyopita, Kondabai alitii. Aliwasha moto, akachemsha chai, akakunja mikono mapajani. Ikafika saa kumi na moja. Ikafika saa kumi na mbili. Hakuna pa, hakuna pa.

Kota ililala.

Iliyas Shaikh, dereva wa basi la kwenda Barshi, aliamshwa na jua usoni. Alikimbilia kituoni vifungo vya shati vimepishana, akakuta abiria hamsini wanamtukana ukoo mzima. Basi liliondoka limechelewa dakika arobaini. Wasichana wa chuo cha uuguzi walikosa mtihani wa kwanza. Muuza maziwa alipita safu zote akipiga kengele, akadhani kota imehamishwa.

Na Mwenyekiti wa kamati, Bwana Mallinath Birajdar, karani mstaafu anayekaa ghorofa ya pili ng'ambo ya ukuta ule ule tangu maghorofa yajengwe, alishuka ngazi akaja mlangoni, ameshika ndala moja mkononi.

"Kondabai! Umekufa?"

"Bado, Mwenyekiti. Nimetii."

"Umetii nini?"

"Barua yako. Ile pale mlangoni, ina sahihi yako. Sushama kaigandisha kwa uji wa mtama, haibanduki."

"Treni ya Pune imeniacha! Leo mjukuu wangu anapewa jina!"

Sushama akachungulia. "Pole, baba. Saa za mezani zinauzwa sokoni."

"Nina saa! Sijawahi kuhitaji kuitega!"

Iliyas, ambaye jioni ile ile angeisimulia habari hii kituo kizima, alikuwa anapita mbio kuelekea basi lake. Akasimama. "Sasa, Mwenyekiti, miaka yote hii ulikuwa unaamshwa na nini?"

Birajdar akautazama mlango, akaitazama sahihi yake. Vibarazani kuanzia safu ya kwanza hadi ya sita watu wakaangua kicheko, na kwa haki yake, mzee yule naye akacheka mwishowe, akaketi kizingitini. Kondabai akampigia bhakri sita papo hapo, akamfungashia za njiani. Alifika Pune jioni. Mtoto ameshalazwa bembeani, jina ameshapewa.

"Niliidhani kelele ya watu wengine," anasema Birajdar sasa. "Kumbe ndiyo asubuhi yangu."

Maneno mazuri, lakini hayafuti azimio. Kwa kanuni za kamati, kilichopitishwa na mkutano kinafutwa na mkutano, na kufuta kunataka nusu ya nyumba: mikono mia moja na hamsini. Kumi walitosha kumnyamazisha. Kumrudishia sauti yake wanatakiwa mia moja na hamsini. Wenye kuandika kanuni walijua unapenda kukaa nyumbani.

Wakati huu Kondabai anapiga unga akiwa ametandika magunia chini ya sinia, kwa ruhusa ya mdomo tu ya Mwenyekiti, hadi Jumapili. Siku hiyo isipotimia idadi, moto unazimwa.

Naye haombi kuachwa tu. Getini kuna kile chumba cha mawe, chumba cha king'ora, kimefungwa kwa kufuli tangu kiwanda kife. Ufunguo upo kwa kamati. Kondabai anataka meko manane humo, na wanawake wanane ambao waume zao walitoka kiwandani mikono mitupu kama Dhondiba. Majina anayo. Ameshawapima wote kwa donge moja moja.

"Za wawili bado zinanuna," anasema. "Lakini chumba kile kilijengwa kiamshe watu. Wakikaa wanane mle ndani, hata wa maghorofani watanunua. Watakuwa macho, watafanya nini kingine?"

Jumapili hii, saa nne asubuhi, ukumbi wa kota. Saa hiyo hiyo kuna kriketi. Kuna kriketi kila siku wanapotaka usije. Zima televisheni. Kama hukai kota, una shemeji au rafiki anayekaa. Mpigie sasa hivi, kabla hujaukunja ukurasa huu. Kisha ingia ukumbini na huo mkono uliokula mkate wa Kondabai, unyanyue juu, na usiushushe mpaka wahesabu mia moja na hamsini.