Meno ya Juu ya Joash Ogutu

Wewe msomaji, unadhani jino likitoka kinywani, yaliyobaki hukaa yakilingoja? Joash Ogutu, mpishi wa Mzungu huko Spring Valley, Nairobi, enzi za ukoloni, alidhani hivyo. Wazee wa kwao Ujaluoni walimng'oa meno sita ya chini ujanani, kwa desturi. Miaka ikapita, meno ya juu yakashuka na kutokeza nje, hata tarumbeta aliyopuliza katika bendi ya kanisa Kangemi ikaanza kuvuja pumzi. Kiongozi wa bendi akamwambia: rekebisha kinywa kabla ya Jumapili, au uiache tarumbeta.

Jumamosi alipanga foleni ya Waafrika kwa daktari wa meno mjini.

"Niwekee ya bandia, bwana daktari."

"Niyaweke wapi? Ya juu yanakaribia kugusa ufizi wa chini. Ungekuja zamani."

"Zamani nani angetufungulia mlango sisi Waafrika?"

Daktari akanawa mikono, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nyumbani mkewe, Peres, akamtania, "Basi piga ngoma, baba Phoebe. Ngoma haiulizi meno."

Joash akaichukua tarumbeta, akaenda kuirudisha kwa kiongozi wa bendi.

Kesho yake asubuhi alisimama kando ya barabara, bendi ikapita. Ndungu, kijana wa meno kamili, alikuwa mbele akiipuliza tarumbeta ile, na watu wakimshangilia.