Ziwa la Juu ya Mashamba ya Chai

Jana nilirudi nyumbani Takoma Park, hapa Marekani, kutoka kazi ya kuhudumia wazee, na hata viatu sijavua, binti yangu akanionyesha kwenye simu ziwa dogo la mlimani lililozungukwa na mahema na chupa za watalii tangu liwekwe kwenye ramani ya mtandaoni.

Nikakumbuka alasiri ambayo Mama, baada ya kuchuma chai, alinipeleka kwenye ziwa letu. Palikuwa na harufu ya matope na majani mabichi. Alitia miguu majini, akakaa hivyo mpaka vyura wakaanza tena kulia. Tukirudi alinitwika vijiti vitatu.

"Ukiulizwa, sema tulienda kutafuta kuni."

Nilidhani tumeiba kitu. Kumbe alikuwa amechoka tu, na hakuwa na mahali pengine pa kuchokea.

"Mum, na lile ziwa lenu ulilowahi kunitajia liko wapi? Niliweke kwenye ramani," binti yangu akasema.

"Ziwa gani?" nikamwambia. "Sisi tulienda kutafuta kuni."