Kisima cha Ng'ombe

Kuna sauti moja ambayo hunifanya niache chochote nilichoshika: kata ya kibuyu ikikwangua mchanga, ikitafuta maji ambayo hayajafika. Juzi niliisikia hapa Chang'ombe. Mjukuu wa jirani alikuwa akichezea kata kwenye rundo la mchanga wa kujengea, na mabega yangu yakaanza kuuma kana kwamba nimetoka kuteka. Nikatafuta kigoda nikakaa. Miguu hii ni ya bibi kizee, lakini uchovu ulionijia ulikuwa wa mtoto wa miaka minane.

Enzi hizo za Mdachi, kijiji chetu cha Ipagala kilikuwa vichaka vya miiba, mapito ya ng'ombe na nyumba chache za tembe. Baba na wanaume wengine walikuwa wamekusanywa na jumbe wakapelekwa kwenye reli, kubeba mataruma. Mama alibaki na sisi watatu: mimi, mdogo wangu Manzala aliyezaliwa wakati wa njaa akapewa jina la njaa yenyewe, na kitoto kinachonyonya tulichokiita Mdachi, kwa sababu kilizaliwa siku askari walipopita kwetu. Watu wa kwetu hatukusumbuka kutafuta majina. Tulisubiri jambo litokee.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema, na uwele ghalani ukafika pale ambapo mtu hupika kwa konzi. Bibi yangu, mama yake baba, ndiye aliyekuwa mwenye kauli katika tembe letu. Akatoa shauri kwamba Manzala apelekwe Kondoa kwa shangazi yetu, aliyeolewa huko kwa wakulima wa milimani, akae hadi njaa ipite. Mama akamwomba muda. Yeye alizaliwa Mlali, ambako vijito hushuka kutoka milimani, na alijua kulima mboga wakati wa kiangazi. Alisema bustani ikitulisha, mtoto abaki. Bibi akampa miezi miwili, huku akicheka kwamba mkwewe anataka kulima mchanga.

Basi mama akalima mchanga. Kando ya korongo alichimba matuta manne, akayazungushia miiba, akapanda kunde, maboga, mchicha na mnavu. Asubuhi alitwanga, akateka, akatafuta kuni, na mchana ukipoa tulishuka korongoni na ukoo wetu wote mdogo. Mdachi alikuwa mgongoni. Manzala, ambaye hakuona udongo asiuonje, alifungwa kamba kiunoni na kushikizwa kwenye mgunga, kama mbuzi. Wanawake waliopita walimtania mama kwamba bustani yake ina miche ya aina mbili, iliyooteshwa na iliyofungwa kamba. Mama alicheka nao bila kuinua mgongo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndugu zangu, na kila aliyepita aliuona mzigo ule ni mwepesi.

Kazi kubwa ilikuwa maji. Katika korongo letu kulikuwa na visima viwili. Kisima cha watu kilikuwa shimo refu mchangani. Ulishuka hadi mchanga ukufike kichwani, ukachota kata moja, kisha ukangoja yajae tena, na kungoja huko ndiko kulikokula mchana. Kisima cha ng'ombe kilikuwa huku chini, karibu na mbuga yenye ardhi nyeupe ya chumvi. Maji yake yalikuwa juu juu, unainama tu na kuteka. Hata mtoto alijua kwamba hayanyweki. Ng'ombe waliyapenda mno, wakanenepa.

Siku za kwanza mama aliteka na mimi nikamwagilia. Kisha Mdachi akaota meno, hakulala wala hakumwacha mama alale. Mchana mmoja mama aliketi chini ya mgunga kumnyonyesha, akaniambia niendelee peke yangu kidogo, yeye anajinyoosha mgongo tu. Nilipogeuka alikuwa amelala akiwa ameketi, mdomo wazi, mtoto bado ziwani. Ikawa hivyo kila siku.

Nami nilichoka. Nasema wazi, nilichoka vibaya. Mchana wa tatu nikiwa ndani ya lile shimo, nikingoja maji, nilianza kulia bila sababu. Ndipo nikawaza: kama maji yale yanamnenepesha ng'ombe, kunde zitayakataa kwa nini? Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mboga nazo zina ulimi. Nikabeba kibuyu, nikaenda kwenye kisima cha ng'ombe. Kabla jua halijateremka nilikuwa nimemaliza matuta yote manne.

Mama alipoamka alikuta udongo umelowa. Akanishika kichwa akasema, "Mikono yako ni myepesi kunipita mimi." Baada ya sifa ile, ningerudije kwenye kisima kirefu?

Kunde zilianza kuungua pembeni mwa majani. Mama akadhani ni wadudu, akanyunyiza majivu. Maboga yakafuata, kisha mchicha ukalala. Asubuhi moja tulikuta juu ya matuta utando mweupe. Mama akachovya kidole, akakilamba. Alinitazama, akatazama chini kuelekea kisima cha ng'ombe, akaketi kwenye tuta. Nilingoja kofi. Halikuja.

Jioni ile Bibi alimuuliza bustani imepatwa na nini. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kinu. Nilitaka kutoka niseme, nikazidi kujibanza. Mama akasema, "Kosa ni langu, mama. Mboga zilipata maji ya chumvi." Bibi akaguna kwamba hata kipofu hukijua kisima cha ng'ombe kwa pua.

Siku ya nne wachuuzi wa Kondoa wakapita na punda wao. Manzala alipandishwa juu ya gunia, akafurahi sana, akatupungia mkono mpaka wakapotea. Alirudi baada ya masika mawili, mnene, na kwa muda mrefu alimwita mama "mama mkubwa".

Miaka mingi nilisadiki kwamba mama alidanganya ili kunifichia kosa langu, nikampenda kwa uongo ule. Kisha nikaolewa, nikapata wangu watatu waliofuatana. Siku moja nilizinduka kutoka usingizi wa kivulini nikamwona binti yangu wa miaka saba akimbeba mdogo wake huku akichochea chungu, akijitahidi asiniamshe. Nikakumbuka jinsi mama alivyosema jioni ile kwamba kosa ni lake, taratibu, macho yakiwa chini. Mama hakumdanganya Bibi hata kidogo. Alikuwa akiungama.