Ungo Ulioshonwa

Mwalimu wetu wa kike, Mbondei wa kanisani, alitaka kutufundisha wasichana habari za miili yetu. Makungwi wa mtaani kwetu Ngamiani wakaja juu: ati mambo ya ndani yasemwe mbele ya ubao! Baada ya mvutano mrefu walichomwachia ni sentensi moja, nayo ya mafumbo: "Msichana akivunja ungo, damu humtoka."

Sisi wa mjini tuliinamisha macho tukafinyana. Tulikwisha chezwa unyago, tulijua ni ungo gani huo.

Shoga yangu hakujua. Wazazi wake walitoka kusini kuja kukata mkonge upande wa Pongwe, na kwake ungo ulikuwa ungo, wa kupepetea mchele. Wiki ile ile alikuwa ameukanyaga wa mama yake, ukapasuka, na damu ikaanza kumtoka.

Adhuhuri moja, jua la utosini, nilimkuta nyuma ya darasa anaushona kwa ukindu.

"Nikimaliza, damu itakoma," aliniambia.

Alifunga fundo la mwisho, na kesho yake damu ikakoma kweli. Alicheka.

Mwezi mwingine ulipoandama akaja tena na ungo ule, akanipa niushike. Ulikuwa mzima, hata ukindu haukulegea.

"Umevunjika wapi?" alinong'ona. "Nimeupapasa kote. Nani anauvunja nikilala?"

Alikuwa amekonda, macho yamemtoka. Chakula alikuwa hali tena, maana aliamini anakufa kidogo kidogo.

Kungwi wangu alikuwa ameniapisha: nikimwambia asiyechezwa, tumbo litanivimba hadi nife. Niliogopa, na papo hapo nikalihisi tumbo linajaa. Lakini hasira zilinizidi, nilimkasirikia kungwi, nikamkasirikia mwalimu na mafumbo yake. Nikamwambia yote sikioni, mkono tumboni.

Aliuchukua ungo wake, akauweka magotini.

"Kwa hiyo na mama hutokwa?"

"Kila mwanamke, shoga."

"Kwetu mama hamwambii bintiye. Husema bibi, na bibi tulimwacha kusini." Aliugeuza ungo. "Ukindu huu alinichania mama. Nikishona nyumbani hukaa mbele yangu, ananitazama, machozi yanamtoka, hasemi neno. Mimi nilidhani ananiaga."