Malkia wa Bure

Leo kwenye chesi nimepewa malkia wa bure. Nikamla. Nikafungwa hapohapo.

Ni ile ya kwenye simu, dakika tatu kila mtu. Nimeurudia mchezo hatua kwa hatua. Kumbe mara tatu ningeweza kummaliza mfalme wa mpinzani, na mara zote tatu mimi niko bize nakula kete.

Mliokulia drafti ya vizibo vya soda hapa Newala mnanielewa. Ukiona cha kula, lazima ule.
Nani mwingine anaumwa huu ugonjwa?

Nimempelekea mchezo huo Baba Zuhura, aliyenifundisha drafti.

"Shikamoo mzee. Kwenye chesi kumbe si lazima kula."

"Marahaba."

Akatazama mchezo wote, mpaka mfalme wangu alipofungwa.

"Sawa," akasema. "Lakini malkia wao tumemla."