Nusu Saa ya Maji ya Baba

Baba alikuwa na nusu saa ya maji huko Qurayyat. Aliirithi kwa ami yake, familia yetu ilipohama Unguja kuja huku nchi ya Waarabu. Kila siku ya nane, maji ya mto yaliyoshuka mlimani kwa mfereji tunaouita falaj yalikuwa yetu kwa nusu saa, yakinywesha mitende yetu. Kisha ilikuwa zamu ya jirani. Yeye na baba waligombania dakika mbili tatu miaka nenda miaka rudi, hata salamu zao zikawa fupi.

Miguu ilipomwisha nguvu baba, tulimpata dada kutoka Uganda wa kumtunza nyumbani kwetu mjini, Hamriya. Siku ya kwanza alipouona mfereji, alicheka.

"Mzee, haka kamfereji ndiko mnakogombania? Kwetu Naili haina mwenyewe. Unachota, unafua, ng'ombe wanakunywa."

Halafu akachutama ukingoni. Akasema mto huo ulimchukua mdogo wake, alipokwenda kuchota na ndoo.

"Pole, mwanangu," baba akamwambia, na siku ile hakugombana na mtu.

Mwaka jana visima vilichimbwa huko juu, mvua nayo ikakosekana. Maji yakapungua, yakakatika. Tukamficha baba habari hiyo. Asubuhi moja akaita, "Leo zamu yangu. Nnataka kwenda."

Tulipofika, mfereji ulikuwa mkavu, umejaa makuti. Nilitaka turudi, akakataa. Akakaa ukingoni akitazama saa yake, dada akimshikia mwavuli. Alikaa nusu saa nzima. Kisha akamwita jirani, aliyekuwa amesimama shambani kwake.

"Zamu yangu imekwisha. Chukua."

Jirani akainama, akaliondoa jiwe lililoziba mlango wa mfereji wake, vile vile kama maji yapo.

"Nimepokea, ndugu yangu," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Garini nilimwomba baba radhi kwa kumficha.

"Nlikuwa nnajua," akasema. "Tende za mwaka huu hamkunionjesha."

Alifariki kabla ya Ramadhani. Jirani alikuja matangani, akakaa nasi siku zote tatu. Dada amesharudi kwao. Mitende imekauka yote, na ndugu zangu wananiuliza tulifanyeje lile shamba.